Karthala, mlima unaokunywa mvua

Kabla ya kupanda Karthala, volkano ya kisiwa cha Ngazidja huko Komoro, nilipita kwanza Singani, kusini-magharibi mwa kisiwa. Aprili 1977 mlima ulipasuka ubavuni, chini, mbali na kilele, na lava ikakifunika kijiji. Watu wamerudi kujenga juu ya mwamba uleule mweusi, wenye makali, na migomba imepata pa kuota.

Nilimwamkia mzee mmoja "kwezi", akaitika "mbona", akanikaribisha barazani. Nilitarajia anisimulie moto. Yeye akanionyesha birika la maji ya mvua. "Mwanangu, kisiwa hiki hakina mto."

Na kweli hakina. Mvua Ngazidja ni nyingi, lakini mawe ya volkano ni machanga, yamejaa nyufa na vitundu. Maji yanazama humo na kutokea chini pwani, mengine yakiwa yameshaingiwa na chumvi. Kwa hiyo vijijini wengi wanayakinga kutoka paani.

Tuliianza njia Mvouni, juu ya mji mkuu Moroni, mimi na kijana wa huko aliyeniongoza. Mashamba, kisha msitu wenye ukungu, kisha vichaka vikavu. Anaishi humu bundi mdogo asiyepatikana popote pengine duniani. Sikumwona, miguu ilikuwa na malalamiko yake.

Kilele kina mita 2,361, ila si ncha. Unafika ukingoni na mbele yako ardhi imedidimia: kaldera yenye upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, kazi ya maporomoko mengi, kila mara ardhi ikikosa cha kuishikilia baada ya magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, kutoka chini yake. Ndani yake kuna shimo jingine, kasoko ya Chahalé, na hapo nilikaa muda mrefu kuliko alivyopenda mwenzangu.

Mwaka 1991 mvuke ulilipuka humo, baadaye ziwa likatuama. Aprili 2005 magma ikapanda ikakutana na maji. Badala ya kutiririka, ilipasuka vipande vidogo ikawa majivu. Novemba mwaka huohuo ikawa hivyo tena, na majivu yakanyesha juu ya mapaa, yakaingia kwenye mabirika. Maelfu kwa maelfu ya watu wakakosa maji ya kunywa. Mei 2006 lilionekana ziwa la lava, Januari 2007 mlipuko mwingine. Tangu hapo mlima umetulia.

Kituo cha uchunguzi kimekuwa kikipima mitetemo ya Karthala tangu 1988. Kwa maoni yangu, pamoja na ramani za njia za lava, kila nyumba ingehitaji mfuniko mzuri wa birika.

Nilimwambia hivyo kijana tulipokuwa tukishuka. Akacheka. Kwao, alisema, bomba la kutoka paani halijafungwa kwa saruji. Ardhi ikitikisika, mama yake hulichomoa kwanza, ndipo awaite watoto.