Jinsi Nilivyoamua Kama Sanamu ya Ultron Inastahili Bei Yake

Sanamu ya roboti ina nafuu moja ambayo sanamu ya mwigizaji haina: hakuna sura ya mtu ya kulinganisha nayo. Ukinunua Tony Stark wa plastiki, yule mhusika anayekuwa Iron Man katika filamu za Marvel, macho yako yatakwenda kwanza usoni, na uso ukikosewa kidogo tu, umebeba mtu mwingine kabisa nyumbani. Ultron, yule roboti wa filamu ya Avengers: Age of Ultron iliyotoka mwaka 2015, hana shida hiyo. Kwa hiyo nilipomwona katika duka moja la vichezeo hapa Nairobi, akiwa na kimo cha takriban sentimita 15 na bei ya shilingi 7,500, sikujiuliza kama ninampenda, kwa maana hilo nililijua tangu zamani. Nilitaka kujua kama kazi iliyofanyika kiwandani inalingana na fedha hizo.

Nilianza na kimo. Katika filamu Ultron anawapita wanadamu kwa mbali, na sehemu kubwa ya kitisho chake inatokana na jinsi anavyowainamia wenzake anapozungumza. Baadhi ya watengenezaji hutumia kiwiliwili kilekile kwa wahusika wengi ili kupunguza gharama, na hapo roboti huyu hushuka hadi kuwa sawa na binadamu wa kawaida. Nilimwomba muuzaji amsimamishe kando ya Captain America, shujaa wa kibinadamu wa filamu hiyohiyo, wa kipimo hichohicho, wote wakiwa ndani ya maboksi yao yenye dirisha. Ultron alimpita kwa kichwa kizima na mabega yake yalikuwa mapana zaidi, nami nikaridhika.

Rangi ndiyo iliyonichukua muda mrefu. Plastiki ya rangi ya fedha iliyochanganywa kabla ya kumiminwa kwenye kalibu mara nyingi huacha michirizi, kama maziwa yaliyotiwa kwenye chai ya rangi kabla ya kukorogwa, na michirizi hiyo haifutiki. Iliyopakwa rangi juu yake hupendeza zaidi, ila hukwaruzika kwenye viungo. Hii niliyoiangalia ilikuwa na mchanganyiko: kifua na kichwa vilipakwa, mapaja yaliachwa na rangi ya plastiki yenyewe, na michirizi ilionekana kidogo nyuma ya paja la kulia. Kama ingekuwa usoni ningeaga papo hapo.

Viungo havikuonekana vizuri kupitia dirisha la boksi, na hapo ndipo sanamu nyingi za roboti hushindwa, kwa sababu mabamba ya deraya begani huzuia mkono usiinuke. Kwa Ultron hili ni jambo kubwa. Miondoko yake katika filamu ilitokana na uigizaji wa James Spader, ambaye miondoko ya mwili wake ilinaswa kwa kamera na sauti yake ikarekodiwa, na roboti huyo hutumia mikono sana anapohutubia. Ultron asiyeweza kukunja kiwiko hadi mkono ukaribie kifua ni mlingoti tu.

"Kastoma wangu, nikifungua boksi usiponunua, nitamuuzia nani?" muuzaji aliniuliza, na kwa kweli alikuwa na haki, kwani wakusanyaji wengi hawagusi kitu kilichofunguliwa. Tulikubaliana kwamba nikishalipa nitalifungua mbele yake, na kiungo chochote kikiwa kimevunjika atanibadilishia; akaliandika hilo kwenye risiti.

Ilibaki bei. Sanamu za kiwango hiki huuzwa Marekani kwa takriban dola 25, yaani shilingi zipatazo 3,200. Nilijumlisha nauli ya kuileta, ushuru wa forodha, kisha VAT ya asilimia 16 inayotozwa juu ya vyote hivyo, nikafika karibu shilingi 5,500. Hicho ndicho kilikuwa kikomo changu, maana kuzidi hapo ningekuwa namlipa muuzaji kwa uvivu wangu wa kuagiza mwenyewe. Kulikuwa pia na ya shilingi 1,200 katika kibanda kimoja katikati ya jiji, lakini ilikuwa nyepesi mno, miguu ilipinda kwa uzito wa kiwiliwili chake yenyewe, na hapakuwa na alama ya mtengenezaji popote mwilini. Feki ya namna hiyo ni ghali hata ikiwa ya bure.

Kuhusu zile kubwa za sentimita 30 na zaidi, zenye macho yanayowaka, sikuzifikiria sana. Bei yake hupita dola 200, na zile zinazotumia betri ndogo za vifungo sizitaki katika nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Muuzaji alishuka hadi 6,000, akanung'unika, kisha akakubali 5,500 kwa M-Pesa. Nililifungua boksi pale kaunta. Viwiko vilikunjika mara mbili, mkono ulifika kifuani, na nyayo zilikaa bapa hata miguu ilipotanuliwa. Kifundo cha kushoto kilikuwa kigumu. Sikukilazimisha, nyumbani nilikitumbukiza kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa muda mfupi, plastiki ikalainika, kikazunguka. Kwa 5,500 ninaona nimenunua sawasawa. Kwa 7,500 ningemwachia mwingine.