Tuandike dawa za mgonjwa
Leo nimeshinda na jedwali la bakteria wa utumbo, pembeni vipimo vya sukari vya wagonjwa. Visanduku vingi vya jedwali ni sifuri, na namba zilizobaki ni uwiano tu: kundi moja la bakteria likipanda, mengine yataonekana yameshuka hata kama hayajapungua kabisa. Ndiyo maana naanza na logi za uwiano (logariti ya kundi moja likigawanywa kwa jingine) kabla ya modeli yoyote ya takwimu.

Halafu kuna dawa! Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba baadhi ya mabadiliko yaliyohusishwa na kisukari aina ya 2 yalitokana na metformin, dawa ya kisukari. Escherichia, jenasi ya bakteria wa utumbo, huongezeka kwa wanaoimeza. Jamani, mnaokusanya data kliniki, andikeni dawa za kila mgonjwa. Safu hiyo ya dawa kwenye jedwali naihitaji kuliko sampuli mia za ziada.