Nilivyoacha kuhama kimawazo darasani

Mimi nilikuwa yule mwanafunzi ambaye mwili uko darasani ila akili haipo. Mwalimu akianza niko naye dakika kumi hivi, halafu nakuja kushtuka ubao umejaa na sijui tumefikaje pale. Nyumbani wakasema ni uvivu na mimi nikaamini kabisa, nikaanza kukesha ili nifidie, nalala saa 7 usiku naamka saa 11 alfajiri nawahi shule, kumbe hapo ndo nilikuwa najimaliza.

Aliyenisaidia ni shangazi yangu, ni nesi. Yeye hata matokeo hakuuliza, aliniuliza tu "unalala masaa mangapi mwanangu?" Nikamwambia manne. Akanieleza kwamba kijana wa miaka 13 mpaka 18 anatakiwa alale masaa 8 mpaka 10, na ukiwa umelala ndo ubongo unayashika yale uliyosoma mchana, sasa mimi nakesha nasoma halafu ule muda wa kuyahifadhi nauondoa. Iliniuma, maana nilijitesa miezi mingi nikidhani ndo juhudi.

Halafu akaniambia soma kalenda ile pale ukutani. Sikuona kitu zaidi ya picha! Nilipopimwa macho nikaambiwa sioni mbali, na nilikuwa sijawahi kulalamika kwa sababu nilidhani kila mtu anaona hivyo hivyo. Unakodoa macho weee mpaka kichwa kinagonga, ukichoka unaacha kuangalia ubao, na ukishaacha kuangalia mawazo yanaondoka yenyewe. Ndo maana wazazi naomba sana, mtoto akiambiwa haskilizi darasani mpimeni macho na masikio kwanza kabla ya kumgombeza.

Miwani ilisaidia wiki hiyo hiyo, usingizi ulichukua muda kidogo. Simu ndo ilikuwa ngumu, nilijaribu kuizima sauti na kuilaza kifudifudi mezani lakini akili ilikuwa inaisubiri tu, mpaka nikawa nampa mama saa 3 usiku anakaa nayo chumbani kwake.

Kwenye kusoma nilianza kutumia dakika 25 kisha napumzika 5, na nikimaliza nafunga daftari naandika ninachokumbuka. Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri na kusahau, akaonyesha mtu anasahau haraka sana mwanzoni kabisa, na ukirudia kwa kuachanisha siku unashika vizuri kuliko kurundika kwa mara moja. Kwa hiyo nikawa narudia jioni ile ile, halafu tena baada ya siku mbili tatu.

Vipindi vya mchana baada ya kula bado vinanisumbua. Hapo nakaa mbele, nakunywa maji, na kila mwalimu akimaliza sehemu najiandikia swali moja pembeni ya daftari, nikishindwa kulijibu nanyoosha mkono palepale.