Utumwa wa Macho

Wapendwa katika Bwana, amani iwe nanyi. Wiki hii nawaomba mniruhusu niwatoe Nairobi hadi kwenye matumbawe ya Watamu, yanayohifadhiwa na serikali tangu mwaka 1968, ili tumtazame samaki mmoja mdogo ambaye wataalamu humwita Labroides dimidiatus. Mimi nitamwita msafishaji, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Urefu wake ni kama sentimita 10 hivi, rangi yake ni ya samawati inayong'aa, na ubavuni ana mstari mweusi unaoanza mdomoni na kupanuka kadiri unavyokaribia mkia.

Msafishaji hukaa mahali pake kama kinyozi kibandani, na samaki wengine humjia wenyewe. Chewa, ambaye angeweza kummeza kwa mkupuo mmoja, hutulia kinywa wazi huku kijisamaki hicho kikiingia ndani, kikipita katikati ya meno na kutokea kwenye matamvua, kikidonoa vimelea vinavyonyonya damu. Katika miamba ya Australia, watafiti walikadiria kwamba msafishaji mmoja hula vimelea wapatao 1,200 kwa siku.

Hata hivyo, chakula anachokipenda hasa si vimelea bali ni ute unaofunika ngozi ya mteja, na ute huo ni kinga ya mteja, si malipo ya fundi. Akiuma ute, mteja hushtuka mwili mzima, na mara nyingi huondoka. Watafiti wamegundua kwamba msafishaji hujizuia zaidi pale samaki wengine wanapomtazama wakisubiri zamu yao. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka neno ambalo mtume Paulo aliwaandikia Waefeso na Wakolosai: utumwa wa macho, yaani kutumika vizuri pale tu unapotazamwa. Samaki hana lawama, kwa maana hajapewa amri yoyote. Sisi tumepewa.

Mimi ni fundi cherehani, Kawangware. Mteja akileta yadi sita za kitenge na kuketi kwenye benchi akinisubiri, mimi hupima mara mbili, hukata kwa uangalifu, na hata kipande cha upana wa kiganja humrudishia. Akiniachia kitambaa na kwenda zake, mkasi wangu hupata tabia nyingine. Kwa miaka mingi nimeyaita hayo "mabaki", na mito ya sebuleni kwangu imevaa foronya nzuri zilizotokana na mabaki ya watu ambao hawakuwahi kuulizwa. (Mafundi wenzangu mnaosoma hapa mnajua ninachosema, nami simtaji mtu.)

Jambo jingine lilinigusa zaidi. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliowatia wasafishaji alama ya kahawia chini ya koo, mahali ambapo samaki hawezi kupaona bila kioo, kisha wakawawekea kioo. Baadhi yao walijitazama, wakashuka chini, wakajisugua koo, wakajaribu kuiondoa alama ile. Yakobo anamsema mtu ajitazamaye katika kioo, akaenda zake na kusahau jinsi alivyo. Kumbe yuko samaki wa sentimita 10 asiyesahau. Kioo kikubwa kimetundikwa dukani kwangu ili wateja wajione wanapojaribu nguo, lakini sikumbuki kama niliwahi kujitazama humo nikiwa na mkasi mkononi.

Jumanne iliyopita mama mmoja alikuja kuchukua gauni lake. Kitambaa kilibaki yadi moja na robo, naye hakuwapo nilipokuwa nikikata. Nilikipiga pasi, nikakikunja, nikakiweka juu ya gauni ndani ya mfuko. Alikitoa, akakikunjua, akakitazama kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Fundi, niambie ukweli, umeniharibia wapi?"