Nilivyotunza pesa za kampeni kwa sheria iliyolala

Mwaka 2022 binamu yangu aligombea uwakilishi wa wadi hapa Kayole, Nairobi, akiwa mgombea huru, nami nikakabidhiwa pesa. Kuingia ulingoni hakukuwa ghali: mgombea kijana alilipa IEBC, tume ya uchaguzi, shilingi 2,500 na kutafuta wapiga kura 500 wa kumuunga mkono. Kinachowamaliza watu ni kinachofuata.

Nilisoma Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ya 2013. Ilikuwapo, lakini ilikuwa imelala. Agosti 2021 IEBC ilitangaza viwango, mgombea urais asitumie zaidi ya shilingi bilioni 4.4, miezi miwili baadaye wabunge wakazikataa kanuni zake. Tukakubaliana tuifuate hata hivyo, kwa hiari yetu.

Nilisajili laini ya M-Pesa ya kampeni pekee. Kila mchango uliingia daftarini na jina la mwenyewe. Usio na jina niliurudisha.

Jioni moja mwanakandarasi akaja na laki mbili kwenye mfuko wa karatasi.

“Andika tu ‘rafiki’,” akasema.

Nikamfungulia daftari. Sheria inasema mchango wa mtu mmoja usizidi asilimia 20 ya michango yote. Tulikuwa na 240,000; ukiongeza 60,000 zinakuwa 300,000, na asilimia 20 yake ndiyo hiyo 60,000. “Mzee, kwako mwisho ni 60,000, na jina lako litaandikwa.” Akachukua mfuko wake akaondoka. Usiku huo sikulala, maana mabango yalikuwa hayajalipiwa. Lakini nilijua angekuja kudai zabuni, na aliyekula chake angemjibu nini?

Vijana wa kijiweni walikuwa wagumu zaidi. Kila siku walidai ya chai. Niliwaeleza kwamba Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamshika anayetoa hongo na anayeipokea pia, wakanikasirikia. Waliobandika mabango na mawakala wa vituoni tuliwalipa, wakatia sahihi.

Tulishindwa. Nikabandika hesabu yote kwenye ukuta wa kibanda cha mboga cha mama, hadi salio la 4,150. Bibi mmoja aliyekuwa amechanga 50 akapitisha kidole kwenye orodha, akaliona jina lake, akaniambia nimekosea herufi moja. Nikachukua kalamu nikairekebisha palepale.