Siku moja dukani: waini ya Dodoma asubuhi, bia za mgeni usiku

Saa 1:00 asubuhi

Agosti Dodoma ni ya kuvaa sweta hadi saa tatu, na upepo wake unakuletea vumbi mpaka ndani ya masikio. Duka letu la vinywaji liko Makole, mlango unatazama mashariki. Kazi yangu ya kwanza, kabla hata ya kushika ufagio, ni kuziondoa chupa dirishani. Bosi wangu anapenda zikae pale, jua likizipiga zing'ae na mpita njia ageuze shingo. Mimi asubuhi nazirudisha rafu ya ndani, yeye jioni anazirudisha dirishani. Hatujawahi kugombana kwa maneno. Tunagombana kwa chupa.

Sifanyi ukaidi. Bia iliyo kwenye chupa ya kijani au isiyo na rangi ikipigwa na jua, mwanga huvunja vitu vilivyotokana na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na harufu inayotoka hapo ni ya kicheche kabisa. Chupa ya kahawia inajitetea vizuri zaidi. Waini nayo adui yake ni joto: matunda yanapotea, inabaki ladha ya kitu kilichopikwa. Mteja akisema waini ya bei ndogo ni mbaya, mimi huwa nauliza kwanza ililala wapi. Nyingi zimetoka kiwandani zikiwa nzima, zikaharibikia kwenye stoo ya bati au juu ya lori lililoshinda juani.

Saa 2:30

Gari la jumla limefika. Kreti za Safari na Kilimanjaro, katoni za waini ya Afrika Kusini, na yale maboksi ya lita tano ambayo kamati za harusi zinayapenda. Nahesabu, naangalia stempu ya kodi kwenye kila chupa, nasaini, gari linaondoka. Hapo hakuna la kusimulia.

La kusimulia ni mama aliyepita muda mfupi baadaye na ndoo ya zabibu kichwani. "Mbukwenyi!" anasalimia kwa Kigogo, anatua ndoo, tunaanza kuvutana bei. Huu ndio msimu. Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima anaupogoa na unaanza upya, ndiyo maana Dodoma inavuna mara mbili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya mwanzo wa mwaka yanakutana na mvua, na mvua inakuja na ubwiri, ule ukungu unaovamia majani na vichala. Haya ya sasa yameivia ukavuni, mchana jua kali, usiku baridi. Nikichana zabibu moja ya huyu mama kwa meno, utamu unafika kwanza, kisha uchachu, kisha ganda linaacha ukakasi kwenye ufizi. Vyote vitatu vinahitajika kwenye chupa. Nimechukua kilo mbili, na sioni haya kusema nilizila peke yangu.

Saa 4:30

Msambazaji ameleta sampuli tatu za waini ya hapa hapa mkoani. Watu wa nje wakisikia waini ya Dodoma wanadhani ni kitu kimoja, wakati kuna Cetawico kule Hombolo, kuna Alko Vintages, na kuna wasindikaji wadogo kadhaa ambao chupa zao hutaziona Dar. Naweka glasi, maji, na kindoo cha kutemea. Ndiyo, natema. Nina mashine ya risiti, EFD, ya kuendesha hadi jioni.

Ya kwanza ni nyeupe kavu ya Chenin Blanc, zabibu yenye asili ya Ufaransa ambayo imezoea jua letu vizuri sana. Imetoka kwenye friji. Harufu ya pera ambalo halijaiva sawasawa, ganda la limao, na kwa mbali asali. Mdomoni ni nyepesi, uchachu wake unakufanya umeze mate. Kwetu itauzwa elfu kumi na mbili. Kwa bei hiyo sijui unamtafutia nini mwenzake aliyepanda meli.

Ya pili ni nyekundu kavu ya Makutupora Red, ile zabibu nyekundu inayopandwa sana hapa na kubeba jina la Makutupora, kilipo kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo. Hapa ndipo nilipotaka kumwonyesha msambazaji kitu. Glasi ya kwanza nimeimimina kama alivyoileta, imetoka kwenye gari, vuguvugu. Pua inakutana na spiriti kabla ya kitu kingine, na ulimi unakauka. "Kali," anasema yeye mwenyewe, na uso umekunjamana. Nimeiweka chupa kwenye friji kwa muda wa kuhudumia wateja wachache, kama dakika ishirini na tano hivi, nikammiminia tena. Sasa kuna zambarau, kuna choya, na ukakasi umerudi nyuma mahali pake. Chupa ni ile ile, bei ni ile ile.

Wanaosema nyekundu inywewe kwa joto la chumba walikuwa na vyumba vya Ulaya kichwani, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dodoma mchana hakijui nyuzi 18 ni nini, na cha Dar ndiyo kabisa. Nyekundu yako iweke friji kidogo, asikutishe mtu.

Ya tatu ni nyekundu tamu. Lebo inataja matunda ya Ulaya ambayo sijawahi kuyatia mdomoni, kwa hiyo kwenye daftari langu nimeandika ubuyu, ule mwekundu wa kupikwa na sukari. Si ya kukaa nayo ukafikiri. Lakini ndiyo itakayouzika kuliko zile mbili zikijumlishwa, na mimi sina dharau na kitu kinacholipa kodi ya fremu.

Saa 7:00 mchana

Ugali wa mtama na mlenda. Mlenda na waini havipatani, nimeshajaribu. Utelezi unafunika ulimi wote na waini inapita juu juu tu. Maji yanatosha.

Saa 9:00

Mchana ni wa wateja wa kila aina. Anaingia mzee mmoja mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Nipe Safari moja, ya moto."

Ya moto, kwa mtu asiyekaa huku, ni ile isiyopita kwenye friji. Vijana wanamcheka, mimi simcheki. Bia ikiwa baridi mno ulimi unakufa ganzi, na nusu ya unachokilipia hukisikii. Mzee anapitiliza upande wa pili, ni kweli, lakini Safari yenye asilimia 5.5 ina kimea cha kutosha kustahimili. Ningempa Kilimanjaro ya moto ningemwonea.

Wanakuja kina mama wawili wa kamati ya send-off. Wanataka waini ya watu wengi kwa pesa kidogo. Nawapa boksi badala ya chupa, kwa sababu ambayo haina uhusiano na bei: ndani ya boksi kuna mfuko unaonywea kadiri unavyomimina, hewa haipati nafasi, na waini ikibaki itakaa wiki kadhaa kwenye friji bila kuchacha. Chupa ikishafunguliwa, nyekundu ina siku mbili tatu za heshima. Wameuliza kama barafu ndani ya glasi ni ushamba. Kwenye send-off ya mchana, chini ya turubai? Wekeni barafu, dada zangu.

Saa 11:45 jioni

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ameshuka kwenye treni ya SGR kutoka Dar. Safari iliyokuwa ikimla siku nzima kwenye basi sasa haifiki saa nne, na faida yangu binafsi katika mradi huo wa taifa ni kwamba amefika na kibegi cha barafu ambacho barafu yake haijayeyuka yote. Ndani kuna bia tatu za kiwanda kidogo. Nafunga hesabu. Bosi anarudisha chupa dirishani. Tunaagana kwa upendo.

Saa 2:00 usiku

Nyumbani. Kitimoto ya kukaanga, ndizi choma, kachumbari yenye pilipili.

Tumeanza na pale ale, rangi ya chai ya rangi iliyokaa. Povu limesimama. Harufu ya ganda la chungwa na mkate uliobabuliwa kidogo. Tofauti yake na bia zetu za kila siku, ambazo ni lager, inaanzia kwenye hamira: ya lager inafanya kazi kwenye baridi, polepole, na kuacha bia safi, ya ale inapenda joto zaidi na inaacha harufu za matunda nyuma yake. Hii na kitimoto zinaendana mno. Mafuta ya nyama yanamezwa na ule uchungu mdogo, unarudi kwenye sahani ukiwa mpya.

IPA, yaani India Pale Ale, ndiyo iliyoleta kelele. Shemeji amenywa fundo moja akauliza kama tumemwekea mwarobaini. Uchungu wa bia una kipimo chake, IBU: lager za kawaida nyingi zinacheza kati ya 10 na 20, IPA inaweza kuanzia 40 hadi 70. Hopsi hizo hazipo kwa ajili ya ukorofi tu. Zinazuia bakteria, na ndiyo maana bia iliyosafirishwa kutoka Uingereza kwenda India karne ya 19 ilitiwa nyingi. Mimi nimeipenda: embe bichi, pasheni, na mwishoni uchungu unaokaa. Lakini pamoja na pilipili ya kachumbari, mdomo uliwaka moto. Pilipili na uchungu mkali vinachocheana, vitenganisheni.

Shemeji ni Mchaga, kwa hiyo nilimkumbusha kwamba kwao uchungu si mgeni. Mbege inapikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, na wazee hutia gome la msesewe ili utamu wa ndizi usizidi. Msesewe unafanya kazi ile ile ya hopsi, na mbege haijawahi kuhitaji lebo yenye fuvu la kichwa kuonekana ya kisasa. Alicheka, akamaliza glasi, hakuomba nyingine.

Stout, ile bia nyeusi, tuliiacha mezani ipoteze baridi wakati tunakula. Mzee wa Safari ya moto angetuelewa. Ilipokuwa imetoka tu kwenye barafu haikunukia kitu. Robo saa baadaye ilikuwa na kahawa, kakao chungu, na ule mkwaruzo wa shayiri iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi. Hii ndiyo iliyoisha kwanza.

Saa 4:00 usiku

Meseji kwa bosi, kabla ya kulala:

"Shikamoo mama. Ile nyeupe kavu tuchukue katoni tatu, nyekundu kavu moja, tamu tano. Nyekundu kavu tuiuze ikiwa tayari kwenye friji ya mbele, chini kabisa pasipo na baridi kali. Bia za kaka: stout tujaribu kidogo, pale ale pia. IPA kwa elfu nane chupa hapa Makole haitatoka, tuiache. Na mama, naomba za dirishani ziwe chupa tupu."

Amejibu kwa emoji ya kidole gumba. Sijajua ni kwa lipi kati ya hayo yote.