Mkopo wa chuo hausubiri matokeo

Kila mwaka anatokea mtu mzima, tena msomi, akamwambia mtoto wa kidato cha sita: "Tulia kwanza, matokeo yakitoka ndiyo uhangaike na mkopo." Ushauri huu unaniudhi kwa sababu nimeona watoto wenye akili wakibaki nyumbani kwa ajili yake. Matokeo huwa yanatoka Julai. Wakati huo dirisha la maombi la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu limeshafunguliwa, na wengi wako kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Mtoto yuko kwenye kwata, cheti chake cha kuzaliwa kiko kijijini mikoa miwili mbali, na mama yake hajawahi kusikia habari ya uhakiki wa vyeti. Utasubirije?

Mimi nafundisha shule ya serikali ya bweni. Wanafunzi wangu wanatoka kila kona ya Tanzania, wengi ni watoto wa wakulima na wavuvi, na tangu ada ya kidato cha tano na sita ifutwe mwaka 2022 nawaona darasani watoto ambao zamani wangeishia kidato cha nne. Nikaamua kuanza na likizo ya Desemba. Kila mmoja aliondoka na karatasi niliyoiandika kwa mkono: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, kitambulisho cha mdhamini, namba ya kaya kama nyumbani ni wanufaika wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Waliporudi, kila mtu na bahasha yake ya kaki, jina juu. Uhakiki wa vyeti hivyo kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, tuliumaliza kabla ya mtihani wa Mei. Unafanyika mtandaoni na gharama yake ni elfu chache tu kwa cheti.

Binti mmoja alinishughulisha kuliko wote. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na cheti cha kifo hakikuwahi kuchukuliwa. Kijana wa steshenari akamshauri ajaze kwamba baba yu hai, ni mkulima, yaishe. Nilikasirika sana. Yatima ni miongoni mwa wanaopewa kipaumbele. Kwa nini afiche hali yake, tena adanganye kwenye fomu ambayo mwanasheria ataigonga muhuri? Mama yake alikwenda ofisi ya usajili ya wilaya anakoishi, na barua ya mtendaji mkononi, akarudishwa: kifo kilitokea wilaya nyingine, kikasajiliwe huko. Nauli hana. Binti akaanza kuniambia, "Mwalimu, tuache tu."

Nikampigia mama. "Mama, marehemu alifia wapi?"

"Hospitali ya wilaya, mwalimu. Alilazwa siku kadhaa."

Hapo nikaona pa kupitia. Aliyefia hospitali huandikiwa tangazo la kifo, na jina lake hubaki kwenye madaftari. Baba mdogo wa binti alikuwa bado anaishi kulekule, anavua. Nikampigia, nikamsomea majina matatu herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye cheti cha binti, maana ukoo mzima ulimwita marehemu Jumanne na kwenye cheti ni Juma. Nikamsihi aende hospitali ile, na asiondoke dirishani kabla hajasoma kilichoandikwa. Mara ya kwanza aliambiwa madaftari ya zamani yako stoo. Akarudi, mhusika yuko semina. Akarudi tena, akakaa kwenye benchi nje mpaka stoo ikafunguliwa, na jina likapatikana. Limeandikwa Jumanne! Ikabidi aende kula kiapo kwamba Juma na Jumanne ni mtu mmoja, ndipo cheti kikatoka na jina linalolingana na la mtoto. Kilinifikia kwa basi, nami nilikwenda stendi kukipokea mwenyewe.

Binti yule alipangiwa mkopo wa ada na fedha ya chakula na malazi, ambayo tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku. Ada ya maombi ni 30,000, na kwa kaya kama yao si pesa ndogo, walimu tulichangishana.

Anayejaza fomu aangalie namba ya simu. Vijana wa steshenari huweka za kwao ili kazi iende haraka, kisha nywila ikipotea mtoto hana pa kushika. Aliyerudia kidato cha nne atumie namba ileile ya mtihani kwenye maombi ya chuo na ya mkopo. Na wazazi waelezwe mapema: mmoja alikataa kusaini akidhani shamba litachukuliwa. Nilimwambia atakayedaiwa ni kijana mwenyewe, akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Akasaini.

Kijana mwingine jina lake halikutoka kabisa kwenye orodha ya waliopata mkopo. Alikuwa amesoma sekondari ya binafsi, na kwa anayetazama makaratasi tu, huyo ni mtoto wa mwenye uwezo. Kumbe miaka yote minne alilipiwa na parokia. Dirisha la rufaa lilipofunguliwa tukaambatisha barua ya ufadhili yenye muhuri wa paroko, naye akapangiwa. Barua ya ufadhili sasa nimeiongeza kwenye karatasi ya Desemba.